Siku Breki Alipopita Vichochoro Viwili kwa Pamoja

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali, limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya kona ambayo ni kama ilijengwa kwa kusudi la kuwagawa watu. Ukitokea barabarani huwezi kuipita katikati. Ama ushike kichochoro cha kushoto, kinachopita mbele ya kibanda cha kinyozi, ama cha kulia, kinachopita chini ya kamba za nguo za wapangaji, na vyote viwili vinakutana nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kidogo chenye bomba la maji. Wazee wa benchi wamekaa hapo miaka ishirini wakiangalia watu wanavyochagua upande, na kwa kazi hiyo nzito wamejipatia maoni kuhusu kila kitu, kuanzia kwa nini mvua inachelewa hadi namna ya kumtuliza mama mkwe. Elimu ya mambo hayo hawana, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu pale kufungua mdomo.

Jumatatu hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Sekunde alifika amevaa suti. Sekunde ni fundi saa, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu azaliwe hajachelewa mahali. Suti ilikuwa ya harusi yake mwenyewe, na kila alipojaribu kukaa ilimkumbusha kwamba harusi hiyo ni ya zamani.

— Nani amekufa? akauliza Breki.

Breki ni dereva mstaafu wa lori, na jina lake ni la kejeli, maana ulimi wake hauna hicho kifaa.

— Hajafa mtu, akasema Sekunde. — Binti yangu anatetea kazi yake leo kule chuoni. Saa nne ananipitia hapa twende wote.

— Anatetea? Kwani nani anataka kumnyang'anya?

— Si kazi ya mshahara, Breki. Ni utafiti. Ameufanya miaka mitano, sasa anasimama mbele ya maprofesa wanamchimba maswali. Akijibu vizuri, anakuwa daktari.

— Daktari wa nini?

Hapo ndipo Sekunde alipoinamisha kichwa. Shangazi, mama anayeuza kahawa pale kijiweni na ambaye huitwa hivyo na kila mtu, hata waliomzidi umri, alimtilia kikombe bila kuombwa. Alimwona jinsi alivyokuwa akilikosa tundu la kifungo cha suti, na mikono ya Sekunde haikosei. Hiyo ni mikono inayoshika parafujo ndogo kuliko chembe ya mchanga.

— Sema, mwanangu. Kuna nini?

Sekunde akasema. Ilikuwa hivi: katika idara ya binti yake kuna utaratibu ulioanzishwa na profesa mmoja mzee, aliyechoshwa na wanafunzi ambao hawaeleweki hata na waliowazaa. Siku ya kutetea, kabla mwanafunzi hajafungua kinywa, aliyemlea anasimama mbele ya ukumbi mzima na kueleza, kwa sentensi moja, huyu mtoto anafanya nini. Sentensi moja tu, ya maneno yake mwenyewe. Mwezi uliopita mama mmoja alisimama akasema, "Mwanangu anahesabu vumbi," ukumbi ukampigia makofi, na mwanawe akajibu maswali kama anatafuna njugu. Wiki iliyofuata baba mmoja alisimama akakosa la kusema. Alisimama tu. Kijana wake akaona, akaanza kutetemeka, akatetemeka mpaka mwisho, na wakamwambia arudi baada ya miezi sita.

— Na mimi sina sentensi, akasema Sekunde. — Amenieleza mara tatu. Mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili kwa barua, mara ya tatu alinichorea. Naelewa akiwa anaongea. Akinyamaza tu, imekwisha. Naogopa, jamani. Naogopa nitasimama pale kama mlingoti na mtoto atanitazama.

Breki akakunja uso.

— Lakini wewe si ulituambia anatengeneza redio?

— Niliwaambia hivyo kwa sababu sikujua la kuwaambia.

— Mimi nilikupa redio yangu umpelekee! Akaitengeneza vizuri kabisa!

— Ile niliitengeneza mimi.

Breki aliumia. Ilibidi Shangazi amwongeze kahawa ndipo arudi kwenye hali yake.

Wakati huo Wembe, kinyozi wa kichochoro cha kushoto, alikuwa amemwacha mteja wake na povu kidevuni akaja kusimama mlangoni asikie. Wembe anamnyoa dereva wa mkuu wa chuo, na kwa hesabu zake hilo linamfanya awe nusu mhadhiri. Akaja pia Funguo, dalali wa vyumba, mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko nyumba anazozifahamu.

— Tupe habari yenyewe, akasema Wembe. — Kijiwe hiki kimeshatatua makubwa.

Sekunde akavuta pumzi, vifungo vya suti vikalalamika.

— Ndani ya simu kuna vile vipande vyeusi vidogo, si mnavijua? Umeme unapita humo. Umeme si maji, ni chembe chembe, na chembe hiyo inaitwa elektroni. Sasa binti yangu amechonga, kwenye kipande kama hicho, kijia cha duara. Kama pete. Pete yenyewe ni ndogo hivi, kwamba ukikata unywele ukautazama pale ulipokatwa, pete elfu moja zinakaa.

— Unywele wa nani? akauliza Wembe. — Maana nywele zinatofautiana.

— Wa mtu yeyote. Elektroni inaingia upande huu wa pete, inatokea upande ule. Katikati kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Sasa anasema, na hapa ndipo ninapopotea, anasema chembe moja inapita njia zote mbili.

— Kwa zamu, akasema Funguo.

— Kwa pamoja.

— Haiwezekani, akasema Breki. — Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na mbili. Ukifika njia panda unachagua. Wahenga walishasema, njia mbili zilimshinda fisi. Fisi, mnyama mzima mwenye miguu minne, alipasuka msamba! Itakuwa hicho kidude kisicho na miguu?

— Hapo umenena bila kujua, akasema Wembe. — Fisi alipasuka kwa sababu ana msamba. Kisicho na msamba kitapasuka nini?

Hoja hiyo ilikuwa nzito na Breki akaitafuna. Sekunde akaendelea, maana saa yake ilikuwa inasoma saa tatu kasoro dakika kumi.

— Kisha inafika mbele, inakutana na yenyewe. Mara nyingine inajiongezea nguvu, umeme unatoka mwingi. Mara nyingine inajifuta, umeme unapungua. Akisogeza nguvu ya sumaku pale kwenye tundu la pete, inaongezeka, inapungua, inaongezeka, inapungua, kama kifua cha mtu aliyelala. Lakini kuna sharti. Lazima iwe baridi kupita baridi yoyote mnayoijua. Na lazima pasiwe na chochote kinachochungulia imepita njia gani. Ukiweka mlinzi njiani, ikaonekana imepita kushoto au kulia, basi. Huo mchezo wa kupanda na kushuka unakufa, inapita kama mtu wa kawaida.

— Ina haya, akasema Shangazi.

— Mimi nimeielewa, akasema Funguo, na funguo zake zikalia kwa furaha. — Ni kama chumba changu kile cha nyuma ya kinu. Mwezi jana nimempangisha bwana mmoja asubuhi, na bibi mmoja jioni. Wote wana ufunguo, wote wana haki. Mpaka hapo chumba kina wapangaji wawili kamili, na kila mmoja ni peke yake. Tatizo lilikuja pale mlango ulipofunguliwa.

— Ikawaje?

— Ikawa mmoja tu. Yule bibi ana mkono mzito. Lakini nawaambia, kabla ya mlango kufunguliwa walikuwa wawili na pakawa na amani. Ni kuchungulia ndiko kunakoleta fujo.

— Huo ni wizi, Funguo, akasema Shangazi.

— Ni sayansi, Shangazi. Umesikia mwenyewe.

Wembe hakutaka kuachwa nyuma. Akasema kwamba haya yote yeye aliyajua siku nyingi kutokana na simu yake. Simu, alisema, ukiiangalia sana chaji inaisha. Ukiiacha kifudifudi inakaa siku nzima. Kwa nini? Kwa sababu zile chembe ndani yake zina haya, ukizitumbulia macho zinaona aibu, na aibu ni joto, ndiyo maana simu inachemka mkononi. Baridi inatakiwa ili zisahau aibu. Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia, na hakuna aliyejua kibaba kimeingiaje hapo, ila ilisikika vizuri.

— Na kule kujifuta? akauliza Sekunde kwa matumaini madogo. — Chembe inajifutaje yenyewe?

— Hilo ni la lori, akasema Breki, na sasa alikuwa amesimama. — Lori limekwama kwenye tope. Watu wawili wenye nguvu sawa wanasukuma wote kwa nyuma: linatoka. Mmoja anasukuma nyuma, mwingine mbele: halitikisiki, na jasho linawatoka bure. Chembe yako ikifika mbele, pacha wake akisukuma upande uleule, umeme unatoka. Akisukuma kinyume, kimya. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Sekunde alimtazama kwa mshangao. Lilikuwa jambo la kwanza pale kijiweni lililofanana na alichochora binti yake. Lakini ukilifanya sentensi linakuwa, "Mwanangu anakwamua malori," naye aliwaona maprofesa watano wakitazamana.

— Ngojeni, akasema Funguo, na macho yake yalikuwa yamepata mwanga usio mzuri. — Kama chembe inaweza, na sisi tumetengenezwa kwa chembe, basi hata sisi tunapita njia mbili. Kila mmoja wetu ana mwenzake upande wa pili. Mwenzangu mimi sasa hivi yuko kijiwe kingine, amekaa, anakunywa kahawa.

— Kama yeye ndiye anayeoga, akasema Shangazi, — mpe salamu zangu.

— Sijatania! Hatumwoni kwa sababu tunachungulia mno. Nyie mmekaa hapa miaka ishirini mnawaangalia watu wanaingia kushoto, wanaingia kulia. Mnawaharibia! Mtu anafika hapo akiwa tayari kupita kote kote, anaona macho manne yanamkodolea, basi maskini anachagua.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimtia Sekunde wasiwasi. Aliwajua wenzake. Wakicheka, jambo limekwisha. Wakinyamaza, wanataka kufanya kitu.

— Tujaribu, akasema Wembe.

Na wakajaribu. Sekunde aliwaambia hana muda, ni saa tatu na robo, anataka sentensi tu. Wakamwambia sentensi haiji kwa mtu aliyekaa, mwenda bure si mkaa bure. Breki ndiye aliyechaguliwa kuwa elektroni, kwa uzoefu wake wa barabara. Angeondoka benchini, azunguke nyumba, afike bombani nyuma, na asionekane na mtu yeyote amepita kichochoro gani. Funguo alikwenda dirisha kwa dirisha akiwabembeleza wapangaji wafunge mapazia. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliombwa ageukie ukutani, akauliza kwa nini, akaambiwa ni kwa ajili ya chuo kikuu, akageuka. Wembe aliingia kibandani akamwambia mteja wake mwenye povu afumbe macho mpaka atakapoambiwa.

— Na baridi? akauliza Shangazi.

Wakamwagia Breki kopo la maji kichwani.

— Sasa na wewe fumba macho, Wembe akamwambia.

— Mimi tena? Nitaonaje njia?

— Ukiiona umeharibu! Wewe ukijua umepita kushoto, tayari pana shahidi. Hutakiwi kujua.

Wakamzungusha mara tatu papo hapo ili asijue kushoto wala kulia, wakamwachia, nao wakakaa benchini mstari mmoja, Wembe, Funguo, Sekunde, na Shangazi kwenye kigoda chake, wote wamefumba macho na kuyafunika kwa viganja. Watu wazima wanne. Barabarani watu walikuwa wanapita na kupunguza mwendo, wakidhani ni maombi.

Ndani ya giza la viganja vyake Sekunde alisikia hatua za Breki zikiyumba, zikagonga kitu, zikatukana, zikapotea. Akabaki na mawazo yake. Aliisikia sauti ya binti yake kwenye simu, ile sauti ya kurudia jambo mara ya tatu bila kuchoka. "Baba, usijali, utaelewa tu." Yeye aliitikia ndiyo, ndiyo, mama, nimeelewa, na hakuwa ameelewa, na alijua kwamba binti anajua. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma kuliko yote. Tangu mke wake afariki walikuwa wawili tu, yeye na huyu mtoto, na kwa miaka mitano mtoto alikuwa anaishi mahali ambapo baba yake hawezi hata kupiga hodi. Anampenda kama roho yake na hajui anashinda wapi.

— Naona inafanya kazi, Funguo akanong'ona. — Nasikia hatua pande zote mbili.

— Nyamaza, kusikia nako ni kuchungulia, akasema Wembe. — Ziba masikio.

— Nina mikono miwili tu!

Ndipo nyuma ya nyumba palipotokea kishindo, na baada ya kishindo sauti ya Breki, si ya kutukana, bali ya mtu anayeamkia kwa heshima. Kisha Breki akaja mbio kwa kichochoro cha kushoto, macho yamemtoka, maji yanamchuruzika.

— Nimekutana na mimi!

Wakafumbua macho wote.

— Umekutana na nani?

— Na mimi! Mimi mwenyewe! Nilikuwa nakuja, nimefika bombani, nikagonga kitu kifuani, nikafumbua macho kidogo tu, msinilaumu, ni mshtuko. Huyo hapo! Kofia hii hii. Shati hili hili. Amelowa kama mimi! Amepita kule kwingine!

— Mungu wangu, akasema Funguo, na akamshika Wembe mkono.

— Ukamwambia nini? akauliza Shangazi.

— Nikamwamkia. Mzee sana, jamani. Sikujua nimezeeka kiasi hicho. Nikasema shikamoo. Hakuitikia, lakini na yeye alifungua mdomo.

Hawakuwa wamemaliza kustaajabu pale kichochoro cha kulia kilipomtoa mtu mwingine. Alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni mtaani, amebeba mgongoni mlango wa kabati la nguo wenye kioo kirefu kutoka juu hadi chini. Aliushusha taratibu, akauegemeza ukutani, akafuta jasho.

— Habari zenu, wazee. Nimeleta kioo cha mama wa chumba namba sita. Nilikuwa nimekipumzisha pale bombani. Sasa kuna mzee mmoja amekuja amefumba macho, akakigonga kwa kifua, kisha akakipa shikamoo.

Benchi zima likageuka kumtazama Breki. Breki akakitazama kioo. Kilikuwa na mzee mwenye kofia na shati lililolowa, naye alikuwa na haya.

— Bado ni jaribio halali, akasema Wembe. — Kioo ni kipimo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Breki kwa unyonge, ili aseme kitu. Na kutoka kibandani ikasikika sauti ya mteja ikiuliza kama sasa anaruhusiwa kufumbua.

Shangazi alimkaribisha yule mgeni, fundi vioo, akamtilia kikombe. Birika likakoroma, likatoa kahawa nusu kikombe na machicha, na ndiyo ikawa mwisho wake. Fundi vioo alishukuru, akauliza kwa adabu kinachoendelea. Wakamweleza wote kwa pamoja: pete, unywele, baridi, haya, lori, bibi mwenye mkono mzito. Sekunde aliangalia saa yake. Saa nne kasoro dakika sita.

Fundi vioo alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na alionekana hivyo hata kwa jinsi alivyokishika kikombe.

— Ngojeni nielewe. Hiyo chembe, inaingia moja?

— Moja, akasema Sekunde.

— Na inatoka moja?

— Moja.

— Haikatiki njiani? Nusu huku, nusu kule?

— Hapana. Binti yangu anasema hakuna aliyewahi kuona nusu yake. Kila ukiikamata ni nzima.

— Haya. Imepita kushoto?

— Ndiyo.

— Na kulia?

— Na kulia.

Fundi vioo akakuna kidevu.

— Sasa kama ni moja tu, nzima, haikukatika, na imepita kushoto, ile njia nyingine imepitwa na nani?

Funguo alishika funguo zake zisilie. Breki, mtu ambaye kijiwe hicho hakijawahi kumwona akinyamaza isipokuwa kwa usingizi, alitazama kichochoro cha kushoto, akatazama cha kulia, akakaa chini. Shangazi alitikisa birika kana kwamba jibu lingekuwemo.

Sekunde peke yake ndiye aliyesimama. Alihisi kitu kifuani, kama saa iliyokufa miaka mingi ukigusa gurudumu moja tu kwa ncha ya koleo, ikaanza. Hakuelewa zaidi ya alivyoelewa asubuhi. Ila sasa alijua ni nini hasa asichokielewa.

Binti yake akatokea barabarani hapo hapo, anatembea haraka, faili amelikumbatia kifuani kama mtu anayezuia lisiruke. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, na alipompa baba yake mkono, Sekunde alisikia vidole vya baridi. Kumbe na yeye anaogopa.

— Baba, umependeza. Tuna dakika ishirini. Ile sentensi... kama hujaipata, usijali. Utasema tu mimi ni mwanao, watatosheka.

— Ninayo.

— Unayo?

Sekunde akasimama wima kama yuko ukumbini tayari. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

— Mwanangu amejenga barabara ndogo yenye njia mbili, anapitisha msafiri mmoja tu, kisha anatafuta: ile njia nyingine ilipitwa na nani?

Faili lilishuka kidogo kifuani pa binti. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, na macho yake yakalowa, na Sekunde akadhani ameharibu.

— Si hivyo?

— Baba, nani amekuambia hivyo?

Kijiwe kizima kikamnyooshea kidole fundi vioo, ambaye alirudi nyuma hatua moja.

— Mimi nimeleta kioo tu.

— Nimeandika kurasa mia na themanini, akasema binti polepole. — Swali hilo liko ukurasa wa mia na sabini na moja. Niliogopa kuliweka mbele. Nilidhani wataniona mjinga.

— Basi mwenyewe amefika! akapaza sauti Funguo. — Daktari, tusaidie, maana hapa tumekwama. Imepitwa na nani?

Wote wakasogea. Hata mama wa nguo alichungulia pembeni mwa shuka. Binti wa Sekunde aliitazama ile nyumba ya kona.

— Sijui.

— Hujui? akasema Breki. — Miaka mitano?

— Hakuna anayejua. Tunajua kupima umeme unaongezeka kiasi gani na kupungua kiasi gani, na hesabu haikosei hata kidogo. Wengine wana majibu yao, wanagombana kama nyinyi tu. Lakini ukiniuliza mimi, kweli kabisa, ni nani aliyepita kule? Sijui.

Sekunde alianza kucheka. Alicheka mpaka kifungo cha suti ya harusi kikamponyoka kikaruka barabarani, na hakukifuata.

— Mwanangu, miaka mitano silali vizuri. Nilidhani ni mimi peke yangu nisiyejua.

— Hapana, baba. Tuko wote, akasema binti, akamshika mkono. — Ila wewe hujui hivi hivi. Mimi sijui kwa vipimo.

— Basi twende, akasema Sekunde. — Tusichelewe kuwaambia.